Mkufu wa Bibi Silvana

Benchi letu la sokoni Mazwi limeegemea kibanda changu cha mitumba, na Amos humimina kahawa hapo mpaka birika likauke. Wananiita Kavukavu kwa sababu sipaki neno mafuta: fulana iliyotoboka nakuonyesha tundu kabla hujauliza bei. Asubuhi hiyo upepo wa baridi ulikuwa unakata masikio. Mzee Kasmir akaja amemtanguliza Dominika, binti wa marehemu mdogo wake, akatupa mkufu juu ya benchi. Bibi Silvana, mama yake Kasmir, alimwachia Dominika mkufu huo pamoja na jina lake. Jumamosi ukoo unakaa kumrithisha.

— Huu si wa mama, alisema Kasmir. Wa mama ulikuwa dhahabu. Huyu kauuza, akaja kununua huu hapa kwako. Sema.

— Sijamuuzia.

— Tangu biashara iwe ruksa, kila king'aacho mji huu kimetoka kwenye robota la mitumba.

— Mzee, shikamoo nimekupa. Uongo sikupi.

Nikaugonga mkufu kwenye jino. Baridi: shanga za kioo. Zangu za robota ni plastiki, jino linazijua. Kifungio chake shaba, kimeota kijani.

— Si unaona ni wa zamani, kaka Kavukavu? alisema Dominika. Waambie.

— Naona kioo na shaba. Umri wake siujui. Nikikudanganyia leo ufurahi, kesho nitaficha matundu ya fulana.

Akanuna. Kasmir akatabasamu.

— Basi. Asiye na mkufu wa mama hana jina la mama. Litaenda kwa mwanangu Bertha.

Hapo akadakia Flavian, tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzima.

— Huo wa Mjerumani, mzee. Walipokimbia vita walizika masanduku kule Kasanga. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinahusikaje? niliuliza.

— Walizika kidogo kidogo.

— Acha fiksi, mshikaji, alisema Tadei, mchuuzi wa mpakani Kasesya. Huo wa Mbelgiji. Malkia wao alipita ziwani kwa meli, akainama kunawa uso, ukadondoka, kuhe akaumeza. Bibi akampasua samaki.

— Mama hakula samaki maisha yake yote, alisema Kasmir.

— Ndiyo maana akaukuta mzima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe la nini tena?

— La kuparia magamba.

Redio hakukubali kushindwa.

— Nyie hamjui. Radi ya Ufipa ikipiga mchanga, inazaa kioo. Bibi aliokota.

— Na matundu ya kupitisha uzi? nilifoka.

— Radi ndogo ndogo.

Mwisho wa benchi alikaa mama wa Kisukuma, Minza, aliyepandisha mchele kutoka Mtowisa, anasubiri lori la kurudi bondeni. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, wazee. Huo wa dhahabu, nani aliuona?

Tukatazamana. Bibi Silvana tulimjua sote: blauzi imefungwa mpaka kidevuni, kitenge juu yake, kanisani na shambani.

— Mama aliuvaa kila siku, alisema Kasmir.

— Ulikuwaje?

Kasmir akamgeukia Redio. Redio, kwa mara ya kwanza, akapata kitufe.

— Mimi niliuona, alisema Dominika. Alipolala kitandani, nani alikuwa anamwogesha? Bertha? Wewe, baba mkubwa, ulikuwa unaishia mlangoni.

— Mbona hukusema?

— Ulikuja kunishtaki. Hukuja kuniuliza.

Akauchukua mkononi mwangu, akaufunga shingoni, juu ya sweta, wazi.

— Kavukavu kasema kioo na shaba. Sawa. Ndicho kioo alichokivaa, na ndiyo shaba yake. Jumamosi nakuja hivi hivi. Utazame vizuri, baba mkubwa, usije tena ukasahau ulivyo.