Dumuzi Ghalani kwa Joachim

Benchi la Jaha liko Ipogolo, nyuma ya maduka yanayotazama barabara kuu. Hapo baridi ya asubuhi hukusanya watu, na Jaha huwamiminia kahawa. Hakosekani Obeid, fundi madishi, ambaye tunamwita Antena. Hakosekani pia Joachim mkulima, tunayemwita Ghala kwa namna anavyoyalinda mahindi yake. Jumamosi ile Ghala alikuja amenuna. Akafungua kiganja: kidudu cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele.

— Dumuzi, akasema. Wametoboa karibu mahindi yote. Watoto watakula nini mpaka mavuno?

— Pole sana, Ghala, akasema Jaha. Wametokea wapi?

— Kwa Verediana, jirani yangu. Kaleta magunia yake toka Ilula, na mimi nikaanza kuliwa. Sina salamu naye tena.

Antena akamwinamia yule mdudu.

— Unaona hivi viwili kichwani? Ni vipapasio. Bibi shamba alituambia mkutanoni: dume akipata mahindi anatoa harufu, wenzake wanainasa kwa hivi, wanakuja wenyewe. Dishi kamili hilo!

— Mdudu huyu anuse toka mbali? akauliza Ghala.

— Mbona wewe unanusa kahawa yangu toka Kihesa? Jaha akamchokoza.

Ghala akakohoa.

— Basi ndo maana pafyumu haijasaidia.

— Pafyumu gani?

— Ya mke wangu. Niliipuliza ghalani, nikajua watapotea njia.

Jaha alicheka mpaka birika likayumba.

— Mahindi yananukia kama bibi harusi! Umealika mpaka dumuzi wa Mbeya!

— Wa Mbalizi washapanda basi, Antena akadakia. Dawa ni mkasi. Unakata vipapasio, mdudu mmoja mmoja. Mdudu anakosa netiweki, anaishia mlangoni.

— Na nani atawashika miguu? akauliza Jaha.

Tulikuwa bado tunacheka mama mmoja aliposimama mbele yetu, kanga begani. Ghala akafumba kiganja haraka.

— Kamwene, Verediana akatusalimia kikwetu. Joachim, nimesikia ya mahindi. Nimemwachia mkeo madebe mawili, ya kwangu yamesalimika kidogo. Ila nikuulize, kaka yangu: nimekukosea nini, mbona nikikusalimia unageuza shingo?

Antena akachungulia ndani ya kikombe chake. Jaha akainamisha birika. Halikutoa hata tone. Magari yakapita barabarani.

Ghala akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi.

— Kamwene, dada, akasema, kwa sauti ndogo.