Gunia la Chokaa Juu ya Basi

Miaka ile ya wanajeshi, rangi ilikuwa imepotea madukani Kampala. Nilipanda basi la Kansanga pale Owino, na mbele yangu alikaa Alal, mke wa polisi, akimweleza kila abiria kwamba gunia lake la mawe ya chokaa ya kupaka ukuta liko juu kwenye keria. Kesho yake wakwe wangekuja kuposa binti yake, na ukuta wa sebule ulikuwa mweusi kwa moshi.

Aliyekaa kando yake, mzee Tajudin, alisema amechoma chokaa Tororo tangu ujana. "Mama, umeuziwa mawe mabichi. Jiwe likichimbwa, huchomwa tanuruni mpaka liwe jepesi. Gunia lako limepandishwa na wanaume wawili wakihema."

"Walikuwa na njaa, mzee! Sukari hakuna, nguvu itoke wapi?"

Tulicheka, kwa sauti ndogo kama tulivyozoea.

"Jiwe lililoiva likipata maji huchemka kama uji. Lako halitatoa hata moshi. Wakwe watarudi na ng'ombe wao."

"Wakirudi nao, binti nitakuletea wewe umlishe!"

Tulipofika Kabalagala mvua ikashuka. Punde juu kukaanza kuvuma, na mvuke mweupe ukapita madirishani. Dereva akafunga breki, tukaruka nje sote, maana siku zile hakuna aliyengoja kuuliza moshi ni wa nini.

Alal alisimama barabarani, amelowa, akipiga vigelegele. "Mzee! Imeiva! Umeona?"

"Nimeona, mama!" Tajudin alijibu kutoka mtaroni. "Sasa tafuta pipa, kabla hujalipaka basi letu chokaa!"