Plagi za Mguu Mfupi

Kouraichia: Haloo? Ni nani mwenzangu?

Zoubeiri: Zoubeiri, wa Nosy Be. Salama, Kouraichia? Mama hajambo?

Kouraichia: Hajambo. Sema Kiswahili cha bibi, opereta anasikiliza, asituelewe.

Zoubeiri: Basi sikia. Niliomba bougie nne, plagi za gari. Leo posta wamenipa mishumaa.

Kouraichia: Imefika?

Zoubeiri: Ulijua!

Kouraichia: Jana, mama alipojisifu kwamba amekutumia. Telegramu yako aliipokea yeye, na kwa Kifaransa bougie ni mshumaa pia. Akasema, maskini, uhuru mwaka wa pili huu na Nosy Be bado giza.

Zoubeiri: Unacheka.

Kouraichia: Nakohoa.

Zoubeiri: Gari limelala Antsahampano, ng'ambo ya kisiwa, plagi zimekufa. Ijumaa Abdérémane anakuja kukuposa. Nataka nimtangulie kwa baba yako, na si kwa miguu.

Kouraichia: Plagi ninazo hapa. Nimezichukua dukani kwake.

Zoubeiri: Kwa Abdérémane? Mahajanga nzima —

Kouraichia: Mahajanga nzima anauza yeye tu.

Zoubeiri: [mkwaruzo] Pima ule mguu wenye hesi, unaoingia kwenye injini. Wangu hauzidi ukucha wa gumba.

Kouraichia: Ngoja... Huu unauzidi, karibu nusu.

Zoubeiri: Mrefu huo. Ningeufunga, pistoni ingepanda ikaugonga, injini kwisha. Ulimwambia ni za gari gani?

Kouraichia: Nilimwambia. Na la nani.

Zoubeiri: Akasemaje?

Kouraichia: "Mpe hizi, zitamfikisha." Hata pesa akakataa.

Zoubeiri: Mkarimu.

Kouraichia: Mno.

Zoubeiri: Basi kabadilishe. Za mguu mfupi, na uangalie —

[Opereta: imebaki dakika moja.]

Kouraichia: Zikufikie Jumatatu, nimeshaposwa? Meli ya kuja huku inaondoka lini?

Zoubeiri: Leo saa kumi. Lakini nishuke bandarini kwenu kama kibarua, begi kichwani? Abdérémane ana gari.

Kouraichia: Baba ameniuliza yule wa Nosy Be anakuja lini. Hakuuliza anakuja na nini.

Zoubeiri: Kweli ameuliza?

Kouraichia: Mara mbili. Gari haliposi mke, Zoubeiri. Panda meli.

Zoubeiri: Na akinikataa mbele ya —

Kouraichia: Panda, bwana. Haya, kwaheri, wahi. Nimeshamwambia baba nakutaka wewe, na kama —

[Laini imekatika.]