Mwalimu wa Droo Tatu

Mama Bado anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya historia. Kazi nilimfundisha mimi, mhudumu wa ofisi yake. Haya, nimeongopa: nilimfundisha kufungua dirisha linalokwama tu, mengine alikuja nayo.

Somo lake ni Israeli ya kale, na ubishi wake hauna likizo. Kambi moja ya wasomi inasema yaliyoandikwa katika Biblia yalitokea yote, neno kwa neno. Nyingine inasema ni hadithi zilizotungwa karne nyingi baadaye. Mama akaipa kila habari kadi yake, na kila kadi droo yake: Pana Ushahidi, Hapana, na Bado. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyojaa, na ndiyo iliyompa jina.

Zilipotufikia habari za jiwe la kale linalotaja nyumba ya Daudi, kadi ya Daudi ikahama kutoka Bado kwenda Pana Ushahidi siku hiyohiyo. Kambi ya kwanza ikaja mbio, ikitaka Goliathi naye ahamishwe. Akawajibu kwamba jiwe limetaja nyumba, kombeo halikutaja.

Basi kambi mbili zisizopeana hata salamu zikaungana kumshtaki: mwalimu asiyekata shauri afutiwe somo. Siku ya kikao nilibeba droo hadi ghorofa ya tatu. Ngazini nikajikwaa, kadi zikamwagika. Nami, msomi wa darasa la nne, nikazirudisha popote palipokuwa na nafasi.

Mwenyekiti akachomoa Kuta za Yeriko kutoka Pana Ushahidi! Profesa mmoja wa kambi ya pili akacheka mpaka tai ikamkaa upande, akiuliza Mama ameokoka lini. Mimi nikawa nakagua viatu vyangu.

Mama akaigeuza kadi. Nyuma palikuwa na tarehe, wachimbaji walisema nini, nani aliwapinga, na kwa wino mwekundu, mara mbili alizokosea yeye mwenyewe. Akasema droo ni ya kuhifadhia tu, ushahidi uko nyuma. Kisha akawaomba washtaki wake waonyeshe na wao wino wao mwekundu. Profesa akaanza kunyoosha tai. Kura zikapigwa: somo libaki, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alisome. Nilipiga makofi mpaka nikatolewa nje.

Leo somo hilo linafundishwa na walimu wanne, wote amewalea yeye.

Asante, Mama. Pumzika kwa raha, afya isikuache, na wajukuu wakubishie kila siku. Ila kabla hujakabidhi funguo: siku ile ya ngazi uliahidi kunitengenezea chai kwa mkono wako. Ijumaa maji nitachemsha mwenyewe, wewe tia majani tu. Sukari vijiko vitatu, na daktari wangu asiambiwe.