Mama Kavindu na Alhamisi za Nyimbo

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Kathini Munyoki atavua aproni yake na kustaafu, baada ya kutupikia wafanyakazi wa Hoteli ya Mvinjeni, hapa Galu, kwa miaka thelathini na ushei. Jina hilo la Kathini hulitumia ofisi ya mishahara peke yake. Sisi wengine tunamwita Mama Kavindu. Wageni wa hoteli hupikiwa na mabwana wenye kofia ndefu. Sisi wa kantini tumepikiwa na yeye, na nasema bila kuwaonea haya hao wenye kofia kwamba tuliokula vizuri ni sisi.

Alikuja kutoka Kitui, akapitia kwa shangazi yake aliyekuwa na shamba kule Shimba Hills, na mwezi Machi 1995 akaajiriwa hapa kwa majaribio. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Kavindu, na chumba kimoja cha kupanga Kinondo. Kazi hakuiogopa. Alichokiogopa, na amekisema mwenyewe mara nyingi, ni kuishi kwa watu maisha yake yote akiitwa mtu wa bara. Alitaka siku moja awe na mahali pa kupaita kwao.

Loo, na alivyoanza! Mimi niliajiriwa miaka sita baadaye, kwa hiyo haya nimesimuliwa na marehemu Abdulaziz, mtunza bustani wetu, ambaye ndiye aliyefikwa na msiba. Mama Kavindu hakuwa amemaliza hata miezi mitatu ya majaribio pale Abdulaziz alipofiwa na mama yake. Wenzake wakaenda kuzika Kinondo, wakarudi kantini adhuhuri wakiwa wamechoka na vumbi la makaburini bado miguuni. Mama Kavindu alikuwa amewapikia wali wa nazi, na ili awape pole kwa roho moja, akaweka kanda ya kwaya kwenye redio kaseti na kuifungulia sauti mpaka mwisho.

Kwao Kitui, mtu akifiwa majirani hukesha naye wakiimba, na kumwachia mfiwa kimya ni kama kumtupa. Hapa kwetu matangani kimya ndiyo heshima, hata jirani wa nyumba ya tatu huzima redio yake bila kuambiwa. Yeye alidhani anafariji, wao wakaona anasherehekea. Watu waliinuka wakaacha wali kwenye sahani. Kesho yake hakuna aliyeingia kantini, wote walikula mihogo ya kuchoma nje ya geti. Meneja wa wakati huo akamwambia kwamba kama sahani zitaendelea kurudi zimejaa hadi mwisho wa wiki, afungashe.

Mtu mwingine angefungasha siku ile ile. Yeye alijifunga leso, akaenda matangani peke yake siku ya kisomo. Akawapa shikamoo wakubwa mmoja mmoja, akaomba radhi, kisha akakaa uani na akina mama akakuna nazi bila kuinua macho. Bi Mbodze, dada mkubwa wa Abdulaziz, ambaye hajui kumung'unya maneno, alimuuliza ile kanda ilikuwa ya nini hasa. Akajibu kwamba ni wimbo waliomzikia mama yake mzazi, na kwamba hakuwa na kitu kikubwa zaidi ya hicho cha kumpa mtu aliyefiwa na mama. Bi Mbodze akamwambia amalize nazi, na matanga yakishaanuliwa, kanda hiyo ipigwe tena waisikilize vizuri.

Ikapigwa. Baada ya arobaini, siku ya Alhamisi, Abdulaziz aliingia kantini na kanda yake mwenyewe mkononi, taarabu ya miaka ya sitini aliyokuwa akiipenda marehemu mama yake, yenye udi na fidla na mwanamke anayelalama kwa madaha. Wakasikiliza kwanza ya mama wa Abdulaziz, halafu ya mama wa Kathini. Abdulaziz alisema hakuelewa neno hata moja la Kikamba, na alilia vilevile. Hivyo ndivyo zilivyoanza Alhamisi za Nyimbo, na hivyo ndivyo sahani zilivyoanza kurudi tupu.

Kwa wafanyakazi wapya wanaodhani desturi hii ilibuniwa na idara ya rasilimali watu: poleni sana. Ni ya Mama Kavindu, na sheria ni zake. Kila Alhamisi zamu zinapobadilishana, watu watatu huleta kila mmoja wimbo mmoja, wa miaka yoyote. Kabla haujalia, mwenyewe husema aliyeupenda alikuwa nani na waliusikilizia wapi. Wimbo wa mwenzio ukilia, hucheki, huondoki, wala hubinui mdomo. Ukivunja sheria, sufuria ya ugali ni yako, na ukoko wake uukwangue mpaka ujione uso.

Sufuria hiyo haina mkubwa. Bwana Samuel, meneja wetu wa sasa, wiki yake ya kwanza alicheka mlinzi Garama alipoinuka kuonyesha chakacha ya miaka ya sabini ilivyokuwa ikichezwa harusini kwao Msambweni, kiuno kikienda upande na rungu upande. Hakuambiwa neno. Mama Kavindu alimnyooshea tu steelwool. Meneja alitupa tai begani, akakunja mikono ya shati, akasugua, huku Faith wa mapokezi akipiga picha ambayo mpaka leo anaitumia kuombea likizo.

Faith mwenyewe alishuka huku kutoka Nairobi akiamini kwamba watu wa pwani hawajui genge, ile rap ya vijana wa Nairobi. Alileta wimbo wake wa mwaka 2004, akatueleza kwa Sheng yake kwamba aliusikia mara ya kwanza kwa simu ya kaka yake, na kwamba kaka huyo sasa yuko mbali na hawaongei. Mzee Garama aliusikiliza wote akiwa ameshika shavu, kisha akamwomba aurudie. Feisal wa baa, ambaye alikuwa akituapia kwamba muziki ulianza siku alipozaliwa yeye, leo anaweza kukutajia wapiga gitaa wa rumba wa miaka ya themanini kama anavyotaja soda. Nami, Dama, ambaye nilikuwa simvumilii mtu wa benga, nimejikuta nakunja mashuka nikiimba benga. Ni Mama Kavindu aliyenifanyia hivyo, na namshukuru mbele ya watu wote.

Hapo mtu asije akadhani kwamba kupika kulikuwa kazi ya pembeni. Samaki wake wa kupaka amewarudisha kazini watu waliokwisha kuandika barua za kuacha. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akiwatengenezea wenzake futari, yeye Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, akionja chumvi kwa niaba yao ili swaumu zao zisiharibike. Krismasi nao walimlipa kwa biriani. Muthokoi, ule mchanganyiko wa mahindi yaliyokobolewa na maharage, aliuleta yeye, na sasa Wadigo wa idara ya bustani wanaulilia kuliko Wakamba.

Mwaka 2020 hoteli zilipofungwa na sote tukarudishwa nyumbani, tulidhani mambo yameisha. Alhamisi ya kwanza, saa ya kubadilishana zamu, simu zetu zikalia. Mama Kavindu alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi: anaanza nani? Tukaanza. Mtu akiwa Jego anapalilia mpunga, mwingine Gazi, mwingine Kinango anachunga mbuzi wa baba yake, kila mmoja akatuma wimbo na maelezo yake. Siku zile wengi wetu tulikuwa tunaona haya hata kuulizwa tumekula nini. Mama Kavindu alimjibu kila mtu kwa sauti yake, na aliyekaa kimya wiki mbili alitafutwa. Kuna wenzetu waliosema baadaye kwamba bila Alhamisi zile wasingestahimili, na mimi ni mmoja wao.

Pamoja na hayo yote, kila Disemba tulikuwa tukimuuliza lile swali letu la wema: Mama Kavindu, unarudi kwenu lini? Hatukuwa na nia mbaya, jamani. Lakini jibu lake lilikuwa kucheka kidogo na kugeukia jiko, na ilitupasa tuone. Mwaka huu swali likawa la kweli. Kavindu, ambaye sasa ni mwalimu na amejenga Kitui, alimwandalia mama yake chumba kizuri, akamwambia kwamba mtu akistaafu hurudi kwao. Mama Kavindu hakukubali wala hakukataa. Sisi tulianza kula kwa wasiwasi. Hatukuthubutu kumwomba abaki, kwa sababu tulikuwa hatujui tungemwomba kama nani.

Mwezi Juni Abdulaziz akatutoka, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa ameshastaafu, lakini Alhamisi hakukosa. Mama Kavindu alikwenda Kinondo na leso yake, akawapa shikamoo wakubwa, akapitiliza moja kwa moja uani kwenye mbuzi ya kukunia nazi, ambako ndiko alikozoea. Bi Mbodze, ambaye sasa haoni vizuri na hutembea kwa kushikwa, aliuliza Kathini yuko wapi. Alipoambiwa yuko uani anakuna nazi, aligomba. Akaagiza aletwe ndani. Akamkalisha kwenye mkeka wa wafiwa, baina yake na mdogo wake, mahali wanapokaa ndugu wa marehemu peke yao, akamwambia kazi ya nazi ni ya majirani.

Sisi wa hoteli tulipofika, tulipanga mstari kama kila mtu. Tulimpa taazia Bi Mbodze, tukampa na aliyefuata, na aliyefuata alikuwa Mama Kavindu. Akina mama wasiomjua kabisa walikuwa wakimshika mkono, wakimbusu, wakimwambia pole kwa kufiwa na ndugu yako. Naye alikuwa akiitikia, machozi yakimchuruzika, kwamba tumeshapoa. Mimi nimemjua miaka yote hii na sijawahi kumwona amekaa vile, kama mtu aliyetua mzigo.

Jioni ile alimpigia Kavindu simu. Alimshukuru kwa chumba, akamwambia kipangishwe, na kwamba likizo alete wajukuu Kinondo wamwone bibi yao nyumbani kwake.

Basi kwaheri hii ni ya jiko tu. Mama Kavindu, asante kwa kila sahani na kwa kila wimbo uliotulazimisha kuusikiliza hadi mwisho. Asante kwa kutuvumilia sisi wenye maswali ya kijinga. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwenye mihogo yako ya Kinondo, na maisha mema, marefu, hapa hapa kwenu.

Dama, Idara ya Vyumba, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mvinjeni