Vichwa vya Sato Nilivyovichemsha Kama Makongoro

Ndugu zangu, mwangaluka, kama tunavyoamkiana Usukumani. Mniwie radhi nikisema huku natembeatembea na kutupa jicho mlangoni. Pale nje mke wangu amebandika sufuria mbili, moja ya ugali na moja ya supu ya vichwa vya samaki, na mimi nikiwa na supu motoni siwezi kukaa kitini. Mwenyekiti wa chama chetu ameniomba nitoe ushuhuda mpaka chakula kiive. Kwa hiyo muda wangu unapimwa na moto.

Wengi mnanijua. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Shinyanga, na katika ukoo wetu ndiye wa kwanza kupata diploma. Sikusomeshwa na mtu. Nilikwenda Nairobi kwa miguu yangu, nikaosha vyombo vya Wazungu, nikasoma upishi jioni, nikarudi baada ya Vita Kuu ya Pili kwa meli kutoka Kisumu na diploma yangu ndani ya kioo. Nasema wazi, kwa sababu watu hupenda kujifanya wanyenyekevu wakisimama hapa. Mimi najivunia. Iko ukutani kwangu mpaka leo, na anayetaka kuisoma aje.

Nikafika Geita. Msimamizi wa kambi ya mgodi wa dhahabu alipoiona ile diploma alinipa jiko la wachimbaji siku hiyohiyo. Kabla hata sijaonja maji ya kisima nikamwandikia mke wangu aje, akute mumewe ni mpishi mkuu. Yeye alikuwa bado kwao Shinyanga, akiwa na mimba ya miezi mitano.

Sasa, wakati ule ng'ombe walikuwa karantini kwa ajili ya ugonjwa, na nyama haikuja. Wachimbaji wanatoka shimoni na njaa, wanakuta ugali na maharage, kesho maharage, keshokutwa maharage. Wakaanza kunung'unika. Nami nikamwambia msimamizi asihangaike. Jiko la Wazungu lilikuwa linanunua sato kwa mama mmoja Mzinza aliyewaleta kutoka ziwani. Walichukua minofu tu. Vichwa na mifupa vilitupwa nyuma ya jiko, vikaliwa na mbwa na kunguru. Nikasema nipeni hivyo vilivyotupwa, nitawapa watu supu ambayo hawajapata kuinywa.

Ndugu zangu, nawaambia, mdomo wangu ulikuwa umetangulia mikono yangu.

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Supu niliyokulia ni ya makongoro, miguu ya ng'ombe na kwato zake, na makongoro huyabandika alfajiri ukayaepua jua likiwa utosini. Diploma yenyewe ilinifundisha mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, saa sita motoni. Samaki hatukufika. Basi nikavitumbukiza vichwa vyote kama vilivyo, nikachochea kuni, sufuria ikatokota tangu asubuhi mpaka zamu ya mchana ilipotoka.

Yule mama Mzinza alipita na tenga lake tupu, akasimama, akanusa. Akaniambia kwa upole nivitoe, na kwamba kwanza nilipaswa kuondoa zile nyama nyekundu za ndani ya mashavu ambazo samaki huvutia pumzi. Mtu wa umri wa mama yangu, na sikumpa hata shikamoo. Nikamwambia, "Mama, mimi nina diploma." Akanitazama, akatazama sufuria.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini unapika samaki au unapika kwato?"

Wasaidizi wa jikoni wakacheka. Nikamfukuza.

Mchana ule supu ilikuwa ya kijivu, nzito kama gundi, chungu mpaka kooni, na mifupa imemegukameguka inachoma fizi. Mchimbaji mmoja, mtu mkubwa wa kutoboa miamba, alikuja na bakuli lake akalimimina taratibu miguuni pangu. Wenzake wakamfuata mmojammoja. Viatu vyangu vya Nairobi vikajaa supu. Kabla ya jioni nilikuwa nimevuliwa aproni na kupewa shoka. Mpishi mkuu akawa mpasua kuni wa jiko lilelile.

Na mke wangu alikuwa njiani.

Siku zile sikujua kutulia. Napasua kuni mbili, nakwenda barabarani kutazama vumbi la basi. Narudi, napasua moja, nakwenda tena. Niliomba basi liharibike, halafu nikaomba lisiharibike kwa sababu ya mimba. Alipofika nikamdanganya. Kila asubuhi nilitoka na aproni kuukuu, nikaificha chini ya rundo la kuni, nikashika shoka.

Siku ya nne alikwenda mwenyewe kununua samaki. Mama Mzinza, bila ubaya wowote, akamuuliza, wewe ndiye mke wa yule mpasua kuni mwenye diploma?

Alirudi akaweka samaki chini. Nilitegemea kilio. Akasema, "Baba, mikono yako ina malengelenge ya shoka. Niliyaona tangu siku ya kwanza, nikangoja useme." Kisha akasema, "Kesho nenda kamuulize yule mama. Ukiona haya, nitamuuliza mimi, lakini kitandani kwangu usirudi na uongo."

Nikaenda. Nikapita mbele ya tenga lake mara tatu kama mtu aliyepoteza sindano. Mara ya nne nikasimama, nikasema, "Shikamoo, mama." Aliendelea kupanga samaki. Alipomaliza wote, akaitikia, "Marahaba, Bwana Kwato. Leta maji baridi."

Akanionyesha. Toa zile nyama nyekundu zote. Pasua kichwa, sugua kwa chumvi, osha damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo. Anza na maji baridi, moto wa wastani, usiache itokote kwa fujo, na povu likipanda liengue. Kitunguu, nyanya, basi. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema, "Ukibandika vichwa, bandika na maji ya ugali pembeni. Ugali ukiiva, supu epua." Ugali wake ulipoiva nilitazama saa yangu ya mkono. Haikufika hata nusu saa.

Kuchuja kwa kitambaa safi mara mbili ni kwangu mimi, hilo mama amejifunza kwangu. Na kupikia maharage yaleyale kwa maji ya supu hiyo, yakaliwa kama nyama, hilo nalo ni langu. Diploma si karatasi tupu.

Nilipika kisufuria kimoja pale penye kuni zangu, zamu ikitoka. Harufu iliwafikia. Yule mtoboa miamba akaja, akaniomba, akanywa, akanyoosha bakuli tena. Msimamizi naye akasogea. Mke wangu alikuwa amesimama kando ameshika kiuno.

"Hii ndiyo ya kwenye diploma?" mtoboa miamba akauliza.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotaka kufa. Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni, tayari kabisa. Jiko langu lingerudi kwa neno hilo moja. Nikamtazama mke wangu. Nikasema, "Hapana. Nimefundishwa na mama anayeuza samaki, niliyemfukuza."

Msimamizi akasema kesho nianze jikoni, na yule mama awe anaingia mlangoni bila kubisha hodi.

Namshukuru mama huyo. Yumo humu, ameinamisha uso, hataki nimtaje. Namshukuru aliyenimwagia supu viatuni, maana angeinywa kwa kunionea huruma ningeipika vilevile mpaka leo. Mke wangu nitamshukuru nyumbani. Ninyi mnaotoka mbali na ujuzi wenu, ujivunieni kama mimi, lakini mkifika mahali, amkieni watu kwanza, halafu muwaulize wanapikaje.

Nilikuwa na mengine ya kusema, na mimi kusema naweza. Lakini mnamwona mke wangu pale mlangoni ameshika mwiko. Ugali umeiva. Naenda kuepua.