Swali la Zimamoto: Tukimkumbuka Nabiha wa Kichochoro cha Mihuri

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto kidogo, aliye ofisini afunge mlango, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeuza mabuibui, leso na udi katikati ya jiji la Nairobi. Jina lake Nabiha Mohdhar. Wengi mlimwita Mama Laila. Alitutoka wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Nabiha Mohdhar, Mama Laila, wa Kichochoro cha Mihuri.

Kama hukijui kichochoro hicho, basi huenda umekipita bila kujua jina lake. Ni kile chembamba kinachotoka kwenye maofisi na kutokezea kituo cha matatu za Kileleshwa. Wachonga mihuri walishahama, jina likabaki. Duka la Nabiha lilikuwa mdomoni kabisa. Ndani ya kichochoro, kando ya kuta zote mbili, kulikuwa na meza za kina mama: matunda yaliyomenywa, njugu, soksi, chaja za simu. Wengi wao ni Wakamba kutoka Machakos na Kitui, na mkubwa wao alikuwa Mwongeli, muuza matunda. Nabiha Muislamu wa Lamu, Mwongeli Mkristo wa Machakos, na chai ya saa nne walikunywa kwenye chupa moja.

Nabiha alipenda ukweli uliopimwa. Akiwa msichana Lamu, alimrudisha muuza samaki mlangoni apime tena, na kweli samaki akaonekana mwepesi kuliko alivyosemwa. Muuza samaki akaongeza kipande, mambo yakaisha. Tangu siku hiyo akaamini kwamba ukiweka ukweli kwenye mizani mbele ya watu, watu watauona. Mumewe, Bwana Sameer, karani wa bima, anasema hivi: "Mke wangu ukimwambia mvua itanyesha, anakuuliza nani kasema. Ukimwambia ni redio, anakuuliza redio gani."

Sasa, wasikilizaji, mizani ile ya Lamu ilimwangusha Nairobi. Hapo ndipo hadithi yake inapoanza kukaza.

Mwakilishi wadi, Mheshimiwa Muigai, alileta pendekezo kwamba meza zote zitolewe Kichochoro cha Mihuri, kwa hoja kwamba zinazuia gari la zimamoto. Zote, bila kubakiza hata moja. Kwa kina mama wale, hiyo ilikuwa ndiyo karo ya watoto na kodi ya nyumba kutupwa nje. Wapo waliosema kwamba mwenye jengo la jirani alitaka mahali pa kuegesha magari. Sisi ushahidi hatuna, kwa hiyo hatulisemi.

Kukaitishwa kikao cha kusikiliza maoni ya umma, katika ukumbi wa kanisa mjini. Kina mama wakamchagua Nabiha awasemee, kwa sababu Kiswahili chake kinasikika na hababaiki. Alijiandaa kama mtu anayekwenda mtihani. Alikipima kichochoro kwa futi ya fundi cherehani. Alimleta mzimamoto mstaafu, mzee wa watu, aeleze kwamba gari la zimamoto ni pana kuliko kichochoro chenyewe, na kwamba mwishoni kuna transfoma iliyojengewa ukuta, imebakiza nafasi ya waenda kwa miguu tu. Meza ziwepo zisiwepo, gari haliingii. Magari ya zimamoto hupitia barabara ya nyuma, tangu zamani. Huo ndio ulikuwa ukweli, na ulikuwa ukweli mtupu.

Muigai alisimama kwanza. Hakushika hata karatasi. Akasema, "Mimi nina swali moja tu. Moto ukizuka, na mama yako yuko ghorofa ya sita, unataka nini mlangoni: gari la zimamoto, au meza ya maembe?"

Kila mtu akamwona mama yake dirishani.

Nabiha akainuka, na neno lake la kwanza likawa hili: "Sisi hatuzuii zimamoto." Akaeleza upana. Akaeleza transfoma. Mzee wa zimamoto akathibitisha. Kila baada ya maneno machache Nabiha alirudia, "Hatuzuii zimamoto, jamani, hatuzuii." Na kila aliposema hivyo, wasikilizaji wapendwa, watu waliona nini? Waliona moto. Muigai akatabasamu kwa upole, akasema, "Mama, hesabu zako ni nzuri sana. Lakini roho ya mtu si hesabu." Makofi yakapasuka. Taarifa za jioni zikatangaza kwamba wachuuzi wamekana kuzuia zimamoto. Ukisikia hivyo, wewe unabaki na nini kichwani?

Kikao cha pili, cha uamuzi, kilikuwa wiki iliyofuata. Kina mama walianza kuulizana wataenda wapi. Nabiha hakula vizuri siku hizo.

Jioni moja alikuwa kwenye lifti ya jengo lao Kileleshwa pamoja na jirani yake, Ciru, mfanyakazi wa benki. Nabiha akamweleza yote, kuanzia upana mpaka transfoma. Ciru alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Mwisho akasema, "Mama Laila, nimekuelewa kabisa. Gari haliwezi kuingia, sawa. Lakini si unajua, usalama ni usalama."

Yaani alikubali kila kitu, na hakuna kilichobadilika.

Nabiha akamuuliza, kwa uchovu tu, "Na sisi tukitolewa, wewe utakuwa unapita wapi jioni?"

"Hapo? Kama hamko, siwezi pita hapo. Nitazunguka mbali."

Lifti ikafika ghorofa ya Nabiha. Mlango ukafunguka, ukajifunga, yeye hakutoka. Alipanda na Ciru mpaka juu, kisha akashuka peke yake. Binti yake, Laila, anakumbuka: "Mama aliingia nyumbani hakuvua hata viatu, na hiyo si kawaida yake. Akaniambia, 'Laila, muda wote huu najibu swali la Muigai. Lile swali ni lake. Mimi langu sijauliza.'"

Lakini kabla hajauliza lake, alikuja mtu na njia ya mkato. Huyu ni Haron, kiongozi wa wabeba mizigo pale mtaani, kijana mchangamfu mwenye maneno mengi. Alisimama mbele ya duka akasema, "Mama Laila, wacha hizo futi. Sema tu wanafukuza Waislamu town. Ijumaa msikitini watu ni wengi. Hiyo itashika leo leo, na Muigai ataogopa kura."

"Haron, wewe ni Muislamu?"

"Zii. Lakini hiyo inauza."

"Najua inauza," Nabiha akasema. "Na huyu Mwongeli nimwambie asimame upande gani?"

Mwongeli alikuwa pale pale, anamenya nanasi. Akaacha kumenya. Akamtazama Haron mpaka Haron akaanza kukagua viatu vyake.

Nabiha hakuwa malaika, wasikilizaji. Baadaye alimwambia mumewe kwamba alitamani kuyasema maneno yale. Alitamani sana. Alijua yangeshinda. Alijua pia kwamba baada ya kushinda, chupa ile ya chai isingekuwa na wa kuinywa. Akaliacha hilo.

Badala yake aliwaomba kina mama jambo moja. Jioni moja tu, wote wafunge mapema. Wote kwa pamoja. Na mjue kwamba taa za kichochoro kile hazikuwa za mtu mwingine. Zilikuwa balbu za kina mama wenyewe, kwenye waya mmoja waliochangia. Wakifunga, kichochoro kinakuwa giza.

Haron akafurahi. "Sasa hiyo ni akili. Tuwache mtu aibiwe kidogo, ndio wataona."

Nabiha akamgeukia. "Mtoto wa nani huyo unayetaka aibiwe?"

Haron akasogea nyuma.

"Nitapita mimi," Nabiha akasema. "Nyinyi mkae midomoni, huku na huku. Mtu mwingine asiingie."

Mwongeli akamkatalia. "Hupiti peke yako, Mama Laila. Mimi nakuja."

"Tukiwa wawili na kisu chako cha nanasi, shoga, nani atatugusa? Na watu watasikia nini redioni?"

Jioni hiyo ikafika. Jua lilipozama, meza zilikuwa zimefunikwa, balbu zimezimwa. Watu wa ofisini wakaanza kumiminika kama kawaida, wakafika mdomoni mwa kichochoro, wakasimama. Hakuna aliyewazuia. Walisimama wenyewe. Mmoja anachungulia, anarudi nyuma. Mwingine anawasha tochi ya simu, anaizima, anamngoja mwenzake. Umati ukaongezeka mpaka ukagusa barabara. Na miongoni mwao alikuwepo Ciru, mkoba ameukumbatia kifuani.

Nabiha akapiga simu kwenye kipindi chetu cha jioni. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Sauti yake ilikuwa chini, na nilisikia pumzi yake.

Akasema, "Mtangazaji, mimi ni Nabiha wa Kichochoro cha Mihuri. Leo hatuko. Nataka nipite hapa kama mnavyopita nyinyi. Naingia sasa."

Nikamuuliza anaona nini.

"Sioni. Nasikia maji yanadondoka. Nimepita mlango wa fundi saa." Kimya. "Kuna mtu mbele. Wawili." Kimya tena. "Assalamu alaikum. Wanangu, mimi napita tu."

Kisha tulisikia kishindo, sauti ya kitu kikiburuzwa, na laini ikakatika.

Wasikilizaji wapendwa, mlikuwa barabarani, mlikuwa majumbani, mnakumbuka. Fundi wetu wa mitambo aliniashiria niweke muziki, nikakataa. Niliogopa, na siioni aibu kusema. Bwana Sameer alikuwa Kileleshwa, redio iko mezani. Anasema alisimama akaanza kutafuta ufunguo wa mlango, na ufunguo alikuwa ameushika mkononi.

Kule kichochoroni, Mwongeli hakungoja kuambiwa. Aliingia na kina mama wenzake kutoka upande wa pili, wakigonga vifuniko vya sufuria, wakipiga mayowe. Wale wawili wakakimbia na simu. Nabiha alitoka upande wa ofisini, buibui limechanika bega, kandambili moja haipo, kiganja kinavuja damu. Umati ukampisha. Ciru akamshika mkono, analia. Nabiha akamwambia, "Nipe simu yako, mwanangu, nimwambie Baba Laila niko hai."

Siku mbili baadaye kukawa na kikao cha uamuzi. Muigai akaanza vile vile, na mama wa ghorofa ya sita, na maembe. Watu wakamgeukia Nabiha wasikie atajiteteaje.

Hakujitetea. Akasema, "Mheshimiwa, hilo ni swali lako. Mimi nina langu. Ukitoka kazini jioni, ukafika mdomoni mwa kichochoro, unataka umkute nani ndani?"

Kisha Ciru akasimama, mtu ambaye hakuwa upande wa kina mama hata kidogo, akasema, "Mimi nataka nimkute Mwongeli." Akaketi.

Baada ya hapo ndipo Nabiha akaeleza upana na transfoma. Maneno yale yale ya wiki iliyotangulia, na mzee yule yule wa zimamoto. Safari hii watu wa mbele walikuwa wanaitikia kwa vichwa, na Muigai mwenyewe aliazima kalamu akaandika. Pendekezo likaondolewa. Meza zikabaki, katikati ikaachwa njia pana ya kupita, na mpaka leo zipo.

Mngedhani alisherehekea. Laila anasema hapana. "Tulinunua mahamri na soda, Mama hakuvigusa. Akasema, 'Kwanza waliogopa moto, sasa wanaogopa giza. Mimi nilitaka waelewe.' Nikamwambia, lakini wameelewa pia. Akasema, 'Labda. Lakini ilibidi waogope kwanza, na hilo silipendi.'"

Aliishi nalo hilo. Alirudi dukani, akauza mabuibui yake, akaendelea kuwauliza watu nani kasema.

Kwa niaba ya kituo hiki, tunatoa rambirambi zetu kwa Bwana Sameer, kwa Laila, kwa jamaa wote wa Lamu, na kwa Mwongeli, ambaye hana undugu wa damu na marehemu lakini amefiwa kuliko wengi wetu. Mwenyezi Mungu awape subira.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize kidogo. Msimu wa siasa ukifika, tutaulizwa maswali matamu, yaliyokwisha kukatwa na kushonwa, yanayotaka jibu moja tu. Kabla hujajibu, mtazame anayeuliza. Angalia anataka uogope nini, halafu angalia yeye mwenyewe amesimama wapi.

Mheshimiwa Muigai alifika matangani Kileleshwa, na tunamshukuru kwa uungwana huo. Aliketi sebuleni na wanaume, na Laila alipomletea kahawa akamwambia, "Mama yako alikuwa mwanasiasa kuliko mimi. Alinishinda kwa mchezo wangu mwenyewe. Mimi niliwatisha watu kwa moto, yeye akawatisha kwa giza."

Laila akampa kikombe. "Ni kweli, Mheshimiwa. Lakini yeye giza lake aliliingia kwanza, peke yake. Wewe moto wako uliwahi kuuingia?"

Muigai akakishika kile kikombe kwa mikono miwili. Wanaume waliokuwa karibu naye wanasema kahawa ile hakuinywa.

Nabiha Mohdhar, Mama Laila, wa Kichochoro cha Mihuri. Mola amrehemu.